Kiti cha Ndege na Mkungu wa Ndizi

Hapa Kianjokoma, chini ya Mlima Kenya upande wa Embu, jua likielekea kutua mama mwenye ndizi hupunguza bei. Hana budi, ndizi iliyoiva haingoji kesho. Sisi wa pwani twalijua jambo hilo kwa samaki: asubuhi mchuuzi hakutazami usoni, alasiri yeye ndiye akuitaye ami.

Kiti cha ndege nacho ni bidhaa ya kuoza. Ndege ikisharuka, kiti kitupu hakina thamani hata ya senti moja. Mtu angedhani basi siku ya safari ikikaribia nauli itashuka. Kumbe ni kinyume!

Hesabu yake ilitoka Uingereza. Mwaka 1972 Kenneth Littlewood wa shirika la BOAC alieleza kanuni moja. Tuseme nauli kamili ni shilingi 12,000, na nauli rahisi ni 4,000, yaani thuluthi. Mwenye 4,000 akija mapema, usimpe kiti maadamu uwezekano wa kutokea mwenye 12,000 baadaye wapita thuluthi moja. Viti vikagawanywa mafungu. Fungu rahisi likisha, lafunguliwa la ghali. Marekani ilipoacha kuwapangia wenye ndege nauli, kwa sheria ya mwaka 1978, hesabu hiyo ikageuka silaha. Mwaka 1985 American Airlines iliwauzia wanunuao mapema viti kwa bei ya kutupa, na vingine ikavificha kwa ajili ya wachelewao. Mshindani wake, People Express, hakuuvuka mwaka 1987.

Sina ugomvi na hesabu. Aendaye Umra mwezi wa Ramadhani aijua tarehe yake miezi mbele, na akichelewa kukata tikiti shauri yake. Mchelewaji aliyefikiriwa na mabwana hao ni mfanyabiashara, ambaye nauli yake hulipwa na kampuni. Lakini mauti je? Sisi hatuweki maiti wiki mbili tukingoja nauli ishuke.

Mwalimu mmoja wa kwetu, asomeshaye huku milimani, alipigiwa simu baada ya Alfajiri: mamake amefariki Mombasa, maziko ni baada ya Alasiri. Kutoka Embu mpaka Nairobi kwa matatu ni saa tatu na ushei. Basi la Mombasa lingemfikisha usiku. Nauli ya ndege aliyoonyeshwa ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile aliyolipa likizo iliyopita. Kompyuta haikumwuliza aendea nini. Iliona mtu anunua leo asafiri leo, basi.

Yako mashirika, Delta na Air Canada miongoni mwao, yenye nauli ya msiba kwa jamaa wa karibu. Mwalimu wetu aliuliza kama hapo iko. Akaambiwa hakuna, na akiendelea kuuliza fungu hilo nalo litakwisha.

Alilipa. Alifika makaburini watu wameshaanza kutawanyika, udongo ungali maji.