Tripu Tano za Mchanga

Katika mradi mmoja wa madarasa nilioufuatilia kwa karibu, muhtasari wa kamati ya manunuzi ulisema: "Tuagize tripu tano za mchanga." Basi, hakuna zaidi. Wajumbe walipotamka tripu walikuwa na Fuso kichwani. Mwenye gari akaleta Canter, lori dogo zaidi. Mchanga uliisha ukuta ukiwa haujafika kwenye lenta, hela imeshalipwa, na ukisoma karatasi humwoni mkosaji. Hapakuwa na mwizi pale.

Nkende kwetu, kata ya mjini Tarime, si tofauti na kwingine Tanzania: majengo mengi ya umma siku hizi hupanda kwa fosi akaunti. Hakuna mkandarasi, wapo mafundi wa hapahapa na kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mpango wa fedha za UVIKO-19 wa mwaka 2021 ulilenga madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20. Pesa za namna hiyo huwa mikononi mwa mwalimu, mkulima na mama wa genge, watu ambao pengine hawajawahi kukaa kikao kimoja.

Kwenye semina wajumbe hawa wataambiwa kwamba asilimia 93 ya mawasiliano si maneno. Takwimu hiyo inatokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, naye mwenyewe alionya kwamba inahusu hisia tu, pale maneno na sura vinapopingana. Ingekuwa kweli kwa kila jambo, mgeni asiyejua Kikurya angekaa kwenye iritongo, baraza la jadi la Wakurya, atazame nyuso, aondoke ameelewa mgogoro wa mpaka.

Hata hivyo, mwili unasema, na huku kwetu husema zaidi kwa kunyamaza. Mweke mama kwenye kamati moja na baba mkwe wake. Ataangalia chini, atachezea pindo la kanga. Mwenyekiti atauliza, "Tumekubaliana?", na katibu ataandika "wajumbe wote waliafiki". Mama huyo ndiye aliyeona mifuko ya saruji imelowa, ila heshima haimruhusu kumpinga mzee hadharani. Ukimuuliza maoni hatasema. Muulize alichokiona: "Mama, stoo uliikuta vipi asubuhi?" Hapo hapingani na mtu, anatoa taarifa. Na aulizwe kabla wazee hawajatoa msimamo.

Halafu kuna lugha. Kikao huanza kwa Kiswahili, joto likipanda kinahamia Kikurya, na mjumbe Mjaluo au mwalimu aliyehamishiwa kutoka Mbeya anabaki kutabasamu. Tabasamu hilo nalo huhesabiwa kuwa kura. Mimi humtaka katibu asome azimio kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla ajenda haijafungwa. Kungoja "yatokanayo" ya kikao kijacho ni kuchelewa. Nondo zitakuwa zimeshakatwa.

Grupu la WhatsApp lina ugonjwa wake: dole gumba. Mmoja akilituma ana maana ameona, mwingine ameidhinisha malipo. Kubalianeni mapema kwamba idhini ni jina na neno "nakubali".

Lakini pagumu kuliko pote ni getini, saa kumi na mbili jioni, dereva ana haraka na hati ya mzigo imelazwa juu ya boneti. Kamati ya mapokezi inasaini kwanza, inahesabu baadaye. Saini hiyo inasema "nimepokea mifuko mia", hata kama mkono ulikusudia "karibu, dereva".

Kwenye ule mradi wa mchanga, fundi mkuu alikata ufito, akaupiga alama tatu za misumari, akauegemeza stoo. Gari likiingia, mama mmoja wa mapokezi hupanda bodi na kuuchomeka mchangani mpaka sakafuni. Muhtasari uliofuata uliandika: "Fuso mbili, zijae hadi msumari wa tatu." Dereva wa kwanza kuusoma aliomba kwanza aonyeshwe ufito.