Mjusi wa Ukutani Hana Sumu, Lakini Usimlaze na Mtoto



Baba mmoja wa kambi alifika dispanseri kabla ya zamu ya asubuhi, mkononi ameshika kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu kwenye kifuniko. Nilifikiri ameleta choo cha kupimwa. Kumbe ndani mlikuwa na mjusi. Kijana wake wa miaka 12 aliona katika telefone namna watu wa Ulaya wanavyofuga mijusi wa jangwani katika masanduku ya kioo, naye akakamata wa kwake ukutani, akamficha chini ya kitanda. Mama alipomwona akapiga kelele: mjusi huyo ana sumu, akianguka katika chungu cha bukari nyumba nzima itakufa. Basi baba akaniuliza: "Docta, nani ana haki, mama ao mtoto?"

Wewe pia unao mijusi hao nyumbani, kwa hiyo soma jibu langu.

Kwanza umtambue. Yule wa jangwani ambaye mtoto alimwona katika telefone, mwenye madoa kama chui, kwao ni Pakistani, Afuganistani na nchi za jirani. Anatembea chini kwenye mawe, ana kope za kufumba macho, na vidole vyake haviwezi kushika kioo. Kalemie hayupo. Wa kwetu hana kope. Akitaka kusafisha jicho analilamba kwa ulimi. Umwangalie usiku karibu na taa: rangi ya kijivu yenye mistari myeusi, urefu karibu sentimita 12 hadi 15, mboni ya jicho imesimama kama ya paka. Chini ya vidole ana mikunjo yenye vinywele vidogo sana, ndiyo sababu anapita juu ya dari bila kuanguka. Wataalamu wanamwita Hemidactylus mabouia. Jina hilo alipewa mwaka 1818 na Mfaransa Moreau de Jonnès, aliyemwona mbali na kwetu, katika visiwa vya Antilles. Ukiona mwingine mdogo zaidi, anayetembea mchana juu ya shina la mti na mboni yake ni duara, huyo ni wa ukoo mwingine.

Sasa juu ya sumu. Hana. Katika jamii yote ya mijusi hawa wa ukutani hakuna hata mmoja mwenye sumu. Mijusi wenye sumu wanaojulikana zaidi wanakaa Meksiko na kusini-magharibi ya Marekani. Huyu wa kwetu akikuuma utasikia kama umebanwa na kibanio cha nguo. Kule pwani wazee wanamwita mjusi kafiri kwa habari ya moto wa Nabii Ibrahimu, na wengi wanamwua. Mambo ya dini sibishani nayo. Mimi ninachokiona ni kwamba anakula mende, nondo, na mbu pia. Lakini usiache chandarua kwa kumtegemea yeye!

Hata hivyo mama hakukosa kabisa. Mjusi hubeba tumboni mikrobi inayoitwa salmonela, na yeye mwenyewe haugui. Inatoka pamoja na mavi yake. Mtoto akimshika, kisha akala ndagala bila kunawa, mikrobi imeingia. Baada ya masaa 6 hadi siku 6 yanaanza kuhara, homa na tumbo kusokota. Nchini Marekani, mwaka 1975, serikali ilikataza kuuza kobe wadogo kwa sababu watoto waliokuwa wakiwachezea walipata ugonjwa huo huo.

Nikamwuliza yule baba: nyumbani kuna nani mwingine? Akajibu: kitinda mimba, miaka 3, ni SS. Hapo nikaacha kucheka. Kwa mtoto wa SS salmonela haibaki tumboni tu. Inaweza kupita katika damu na kuingia ndani ya mifupa. Mguu unavimba, mtoto analia akiguswa, na wazazi wanadhani ni maumivu ya SS waliyoyazoea, wanampa kidonge na kungoja. Usingoje. Mtoto wa SS mwenye homa aletwe siku ile ile, hata usiku. Vilevile mtoto mchanga, mama mwenye mimba na mzee dhaifu.

Hapa Kalemie tukisikia kuhara tunawaza kipindupindu, na ni vizuri. Usikae nyumbani kuchagua ni ugonjwa gani. Anza kumnywesha: litri 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote sawa na ukingo wa kijiko. Kisha umlete. Vidonge vya rangi mbili vya sokoni uviache huko sokoni.

Kijana akitaka kabisa kutazama mijusi, awatazame ukutani. Asiingize mkono katika nyufa wala chini ya mawe kuwatafuta, maana nyoka naye huwafuata huko huko. Na wewe kazini, ukiona mkia wa mjusi unatokeza katika sanduku la umeme, usifungue kumtoa. Mwite fundi wa umeme akate moto kwanza.

Biashara nayo isikudanganye. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, katika msitu wa Kimboza kuna mjusi mdogo wa rangi ya buluu anayeishi kwenye miti ya mikadi. Waliwakamata kwa maelfu wakawauza Ulaya, miti mingine ikakatwa ili kuwafikia. Tangu 2017 mapatano ya mataifa yamekataza biashara hiyo. Wa kwetu wa kijivu hakuna atakayemnunua.

Yule wa kopo alirudishwa ukutani jioni ile ile. Kopo lilitupwa, kijana akanawa kwa sabuni hadi viwiko, chini ya kitanda kukapigwa deki kwa maji ya javel. Mtoto mdogo hakuugua. Mkia wa mjusi ulikatika wakati wa kumkamata, na kijana alihuzunika sana. Nilimwambia utaota mwingine, ila hautakuwa na mistari kama wa kwanza. Sasa kila usiku anakwenda kuangalia chini ya taa kama umeanza.