Kumtembeza Mtoto Kabla ya Kulazwa

Mtoto wetu wa miaka miwili ana ngiri, yaani uvimbe wa kinena. Daktari amepanga kumpasua wiki ijayo. Je, tumfungie ndani? La. Tumtembeze afurahi, lakini kwa uangalifu.

Twende naye kwa bibi yake, au shambani kabla ya jua kali. Tusimpeleke mnadani wala penye msongamano, maana anaweza kuambukizwa kikohozi. Mtoto mwenye kikohozi au homa huweza kuahirishiwa upasuaji, kwani dawa ya usingizi inaweza kumsumbua kupumua. Nauli nayo itapotea bure. Jioni alale ndani ya chandarua.

Njiani tumwambie kweli: "Tutalala hospitali. Mama atalala na wewe." Tusimtishie sindano.

Uvimbe ukiwa mgumu, au akitapika na kulia sana, tusingoje siku ya ahadi. Twende hospitali mara moja.

Siku ya upasuaji tufuate saa za kutokula tulizoambiwa. Chakula cha tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa usingizini. Bibi naye aelezwe: siku hiyo, hata kipande cha muhogo ni hatari.