Protini Zinazomwezesha Mnyoo wa Kichocho Kuishi Ndani ya Damu

Katika Kata ya Kalemela, wilayani Busega, upande ambao Mkoa wa Simiyu unapakana na Ziwa Victoria, kichocho kinachotawala ni cha tumbo, kinacholetwa na mnyoo aitwaye Schistosoma mansoni, ilhali huko bara kuelekea Bariadi malambo na madimbwi ya msimu huhifadhi zaidi konokono wa kichocho cha kibofu. Mnyoo huyo mwenye urefu wa sentimita moja hivi huishi ndani ya mishipa ya damu ya utumbo, mahali ambapo askari wa kinga ya mwili hupita usiku na mchana, na bado hudumu humo kwa miaka mitatu hadi kumi, pengine zaidi. Anachokitegemea ni protini zake, yaani minyororo ya asidi amino ambayo hujikunja kwa maumbo mbalimbali, na kila umbo huamua kazi itakayofanywa.

Kazi huanzia majini, ambapo lava, yaani mnyoo mchanga, aliyetoka kwa konokono humwaga juu ya ngozi ya mvuvi au mtoto anayeoga kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, ambacho hukatakata protini za ngozi hadi lava apite, na yote hayo huchukua dakika chache tu. Akishakomaa, mnyoo hula chembe nyekundu za damu, akiimeng'enya himoglobini kwa vimeng'enya vingine, na kwa kuwa utumbo wake hauna tundu la kutolea uchafu, hulazimika kuyatapika mabaki ndani ya damu ya mwenyeji. Tabia hiyo isiyopendeza imewafaa wataalamu wa maabara, kwani protini yenye sukari nyingi inayobanduka kwenye ukuta wa utumbo wa mnyoo huishia katika mkojo wa mgonjwa, na kipimo cha mkojo huweza kuigundua.

Protini inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni ile iitwayo omega-1, inayotolewa na mayai. Ina sehemu mbili zinazotegemeana: sukari zilizopachikwa juu yake, ambazo huiwezesha kuingia katika seli zinazoielekeza kinga ya mwili, na kitovu cha ukataji, ambacho kikishaingia hukata RNA, yaani ujumbe ambao seli huusoma ili kutengeneza protini zake. Watafiti walipoiondoa sehemu mojawapo, omega-1 ilipoteza uwezo wa kuigeuza kinga kutoka mashambulizi makali kwenda mwitikio wa polepole, ambao huyazingira mayai yaliyonasa katika ini na hatimaye huacha makovu. Kwa hiyo madhara makubwa ya kichocho hutokana na mayai kuliko mnyoo mwenyewe.

Dawa ya prazikwanteli, inayotolewa katika kingatiba shuleni, nayo hushika protini. Mwaka 2019 watafiti walitambua katika utando wa seli za mnyoo mlango wa kupitishia kalsiamu ambao dawa huufungua, kalsiamu ikafurika, misuli ikakakamaa na ngozi ikachanika. Minyoo michanga ya wiki chache haidhuriki sana na dawa hiyo, na ndiyo sababu mtu aliyeambukizwa karibuni anaweza kumeza vidonge na bado akabaki na ugonjwa.

Ngozi hiyohiyo ya mnyoo ina tetraspanini, protini inayopita katika utando mara nne na kuacha kitanzi kikubwa nje, na kitanzi hicho kimetumika kutengeneza chanjo inayofanyiwa majaribio kwa binadamu, ikiwemo nchini Uganda. Hata hivyo, chanjo nyingine iliyojengwa juu ya kimeng'enya cha mnyoo wa kichocho cha kibofu haikuonyesha kinga ya kutosha kwa watoto wa Senegal, hivyo matumaini hayapaswi kuvuka ushahidi. Kwa sasa hakuna chanjo ya kichocho iliyoidhinishwa kwa matumizi ya binadamu, na vidonge havizuii maambukizi mapya. Kwa hiyo kaya za Kalemela zinahimizwa kuwapeleka watoto kwenye kingatiba, kutumia vyoo ili mayai yasifike ziwani, na kupunguza kuoga na kufulia kwenye kingo zenye majani, ambako konokono hujificha.