Chumvi na chupa zitakuonyesha kama mahindi yamekauka

Je, msomaji, umewahi kuona mahindi yameota ukungu, ukayaosha, ukayaanika tena na kuyapeleka kusagwa? Watu wengi hufanya hivyo wakiamini kwamba moto wa sufuria utamaliza kila kitu. Ukweli ni kwamba ukungu utakufa, lakini sumu uliyoiacha itabaki ndani ya ugali.

Sumu hiyo huitwa sumukuvu, au aflatoksini kwa jina la kitaalamu. Ilitambuliwa baada ya mwaka 1960, wakati batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa kulishwa chakula cha karanga zilizoingia ukungu. Hapa Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Wachunguzi waligundua kwamba waliougua walikuwa wameweka mahindi mabichi ndani ya nyumba.

Sumu hii hushambulia ini. Dalili zake ni kutapika, maumivu ya tumbo, macho kuwa ya manjano, na miguu au tumbo kuvimba. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi huenda asihisi lolote, lakini hujiweka katika hatari ya kansa ya ini. Hakuna dawa ya kuiondoa mwilini, iwe ya hospitali au ya mitishamba. Kwa hivyo, ukiona macho ya mtu yamegeuka manjano, usipoteze siku ukimchemshia mizizi. Mpeleke hospitali mara moja.

Kinga ni kukausha. Ukungu huu hauwezi kumea kwenye punje iliyokauka vyema, na kiwango cha maji kinachokubaliwa kwa mahindi ya kuhifadhi ni asilimia 13.5. Utajuaje kama huna mashine ya kupimia?

Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa. Tia mahindi hadi thuluthi moja, kisha vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyoanikwa ikakauka. Funga, tikisa kwa nguvu kwa dakika moja, halafu iache itulie kwa dakika 15. Chumvi hunyonya maji. Ikiwa imeganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15, basi yarudishe juani. Ikiwa haikuganda, yako chini ya kiwango hicho. Hata hivyo yaanike siku moja zaidi ndipo uyahifadhi.

Uanikapo, tandaza turubai, usiyamwage chini. Yafunike umande unapoingia, na magunia uyaweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Siku hizi kuna pia magunia yasiyopitisha hewa, yenye mifuko ya plastiki ndani yake. Wadudu wakiishiwa na hewa hufa, na punje zisizotobolewa haziingiliwi na ukungu kwa urahisi. Lakini gunia hilo si la kukaushia. Usitie mahindi mabichi humo.

Mbinu nyingine ni Aflasafe, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015. Hizi ni mbegu za mtama zilizopakwa ukungu wa jamii ileile lakini usiotoa sumu. Hutawanywa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, nao ukungu huo mwema hutwaa nafasi ya ule mbaya.

Wenzetu wa Ukambani hukoboa mahindi kupata muthokoi. Kuondoa maganda hupunguza sumu, lakini hakuimalizi. Chagua punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa, uzitupe. Usimpe ng'ombe, kwa maana sumu hupita hadi kwenye maziwa ya watoto wako. Usizipikie busaa pia.

Najua kutupa chakula kunauma, hasa mwaka wa njaa. Basi anza mapema, msomaji: kabla ya kushona gunia, tikisa chupa.