Kurwa, Doto na Shiva wa Geneva

Msomaji mmoja ameniletea picha ya sanamu ya Shiva akicheza ndani ya duara la moto, iliyosimama CERN, maabara ya fizikia karibu na Geneva. Anauliza: “Dada, kama wanafizikia wenyewe wamemweka mungu uani, si wamekubali kwamba ulimwengu wote ni roho moja?”

Sanamu ile ya mita 2 ni zawadi ya India, ya mwaka 2004. Bango lake linamnukuu Fritjof Capra, mwanafizikia aliyeandika mwaka 1975 kitabu cha kuoanisha fizikia na hekima za Mashariki. Habari za mawimbi na chembe naziruka, zimeshaandikwa mno. Kinachowavuta wapenzi wa roho moja ni jambo alilolipa jina mwanafizikia Erwin Schrödinger mwaka 1935: chembe mbili zinaachana, zinabaki kitu kimoja. Sisi tuliiteje? “Mfungamano” unadai kitu cha tatu kinachofunga, nacho hakipo. “Nasaba” ni tamu, ila itatupotosha, mtaona. Nachagua “msokotano”: usumba ukishasokotwa, nyuzi zenyewe ndizo kamba.

Sasa wachukue mapacha, Kurwa na Doto. Mmoja yuko Mwanza, mwenzake Tanga, hawana simu. Kila mmoja anaulizwa swali moja kati ya matatu: unapenda chai? Uji? Togwa? Wakiangukiwa swali lilelile, majibu hayapishani kamwe. Utasema walipanga nyumbani, au ni damu. Haya. Lakini maswali ni matatu na majibu mawili tu, ndiyo na hapana, kwa hiyo lazima maswali mawili yapate jibu moja. Tuseme wanapenda chai na uji, togwa hawaitaki. Wakiulizwa maswali tofauti, jozi ni tatu, na moja, ya chai na uji, inalingana. Wapange watakavyo, hawawezi kushuka chini ya theluthi.

Hoja ya namna hii aliivumbua John Bell wa Belfast, mwaka 1964. Badala ya mapacha weka fotoni, yaani chembe za nuru, mbili zilizosokotana, badala ya maswali weka vichujio vya nuru vinavyopishana kwa nyuzi 60, na ile theluthi inakuwa robo. Robo! Hakuna mpango wala nasaba inayofika huko chini. John Clauser na Stuart Freedman mwaka 1972, kisha Alain Aspect mwaka 1982, waliyaona maumbile yakiuvuka mpaka wa Bell, na mwaka 2022 Clauser na Aspect walipewa Nobel pamoja na Anton Zeilinger.

Msokotano haupeleki ujumbe, basi usiufanye posta ya dua.

Na roho moja? Schrödinger aliiamini, kutoka Vedanta, falsafa ya Kihindu. Aliandika insha yake juu ya umoja wa nafsi mwaka 1925, kabla ya mlinganyo uliompa umaarufu mwaka 1926, na miaka 10 kabla ya msokotano kupata jina.