Ardhi Ikitetemeka, Daraja la Chuma Hukatikia Wapi?

Msomaji, usafiripo kutoka Kisii kwenda Nyamira, huvuka mito na vijito bila kujiuliza: ardhi ikitikisika, daraja litasimama? Swali si la bure. Kaskazini ya milima ya Gusii kuna bonde la ufa la Nyanza. Na upande wa Nakuru, pale Subukia, tetemeko la kipimo cha 6.9 lilipasua ardhi Januari 6, 1928.

Chuma chenyewe si legevu. Hupinda kabla ya kukatika, tena daraja lake ni jepesi kuliko la zege, na tetemeko huelemea zaidi kilicho kizito. Taabu iko pale sakafu inapokalia nguzo. Oktoba 17, 1989, tetemeko la kipimo hichohicho lilitikisa California. Kwenye daraja la chuma liendalo Oakland kutoka San Francisco, bolti zilikatika. Kipande cha sakafu ya juu, mita 15 hivi, kikachomoka na kuangukia barabara ya chini. Mtu mmoja alikufa. Daraja lililobaki lilisimama wima!

Dawa zinajulikana: sehemu pana ya kukalia sakafu, nyaya za kuizuia isichomoke, na bolti zisizo na kutu. Kwa mvua za Gusii, kutu ndiyo ya kukaguliwa kwanza.